Wiki moja ya masomo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi: mwongozo kamili wa kupanga na kufundisha

Wiki nyingi za darasani huharibika kabla hazijaanza, pale mwalimu anapojaza andalio la somo kwa kuhesabu kurasa za kitabu. Kurasa zitakwisha Ijumaa. Kama watoto wameelewa, hilo ni suala lingine, na mara nyingi linagundulika mwezi mzima baadaye kwenye mtihani, muda wa kurekebisha ukiwa umeshapita.

Mwongozo huu unafuata wiki moja ya darasa la tano lenye watoto 40, vipindi vya dakika 40. Umebeba mambo mazito manne tu: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti, uvukizaji wa maji, kusoma kifungu kimoja kwa kina, na kuandika maelezo ya jaribio. Masomo mengine yaendelee kwa ratiba yake ya kawaida. Ukiwa na watoto 25 au 60, idadi ya vifaa itabadilika, ila mpangilio utabaki uleule.

Mambo haya manne yanabebana. Jaribio la sayansi linatoa vipimo vya kutumia kwenye hesabu, kifungu cha kusoma kinazungumzia maji, na somo la lugha linapata kitu cha kuandika. Mtoto aliyeyaona maji yakipungua siku baada ya siku ana la kusema. Asiyeona kitu huandika "jaribio lilikuwa zuri na tulifurahi sana", kisha anaweka kalamu chini.

Anza na maswali ya Ijumaa

Kabla ya kupanga Jumatatu, andika maswali ya kupima ya Ijumaa pamoja na majibu yake. Yasizidi manane. Kwa hesabu, haya yanatosha:

1/4 + 3/8
1/2 + 1/3
2/3 + 1/4
"Mwenzako amesema 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwonyeshe, bila kukokotoa, kwamba jibu hilo haliwezekani."

Swali la nne ndilo lenye uzito. Matatu ya kwanza mtoto anaweza kuyapata kwa kukariri hatua. La nne halikaririki.

Ukishayaandika, rudi nyuma siku moja moja. Ili Ijumaa wajibu, Alhamisi wawe wanafanya mazoezi mchanganyiko. Ili wafike hapo, Jumatano wawe wamejifunza njia ya Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote bila baki. Ili njia hiyo iwe na maana, Jumanne wawe wamejumlisha kwa vipande vya karatasi, na Jumatatu wawe wamevitengeneza vipande hivyo na kulinganisha sehemu. Alhamisi usiweke jambo jipya hata moja. Kila wiki kuna kipindi kinachopotea, iwe kwa mkutano, kwa chanjo au kwa sababu nyingine, na siku isiyo na jambo jipya ndiyo itakayokuokoa.

Vifaa, na kwa nini vipimo hivi

Vipande vya sehemu viwe na urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 3. Namba 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki, kwa hiyo nusu inakuwa sentimita 12, theluthi 8, robo 6, sehemu ya sita 4, sehemu ya nane 3 na sehemu ya kumi na mbili 2. Hakuna milimita za kubahatisha. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, hivyo inatoa vipande 7 vya upana wa sentimita 3, na saba ndivyo vinavyohitajika: kizima kimoja na sita za kugawanya. Kila watoto wawili wapate karatasi moja. Andaa 23, maana tatu zitaharibika.

Usiwaache wakunje karatasi kupata theluthi. Nusu na robo hukunjika vizuri, lakini theluthi ya kukunja kwa macho hutoka na vipande visivyolingana. Mtoto atazipanga sehemu mbili za sita kando ya theluthi moja, aone zimepishana, na aondoke akiamini kwamba 2/6 si sawa na 1/3. Kosa litakuwa la karatasi, ila litakaa kichwani mwake. Watumie rula.

Kwa sayansi andaa seti nne, kila seti ikihudumia makundi mawili ya watoto watano watano. Seti moja ina vyombo vinne:

- bakuli la kuta zilizosimama, upana wa mdomo karibu sentimita 12
- glasi ya upana karibu sentimita 6
- chupa ya shingo nyembamba, isiyo na kifuniko
- glasi nyingine kama ile ya kwanza, iliyofunikwa mdomo kwa plastiki na kufungwa kwa mpira

Kila chombo kinatiwa mililita 200 za maji, jumla lita 3.2 kwa seti zote. Pima kwa silinda ya kupimia, au kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, mara kumi kwa kila chombo. Epuka sahani. Ni pana mno, na maji yatakwisha kabla ya Ijumaa. Epuka pia bakuli lenye kuta zilizolala, kwa sababu uso wa maji utakuwa unapungua kadiri maji yanavyoshuka, na hesabu zako zitavurugika.

Mwisho, kata karatasi ndogo za swali la mwisho wa kipindi. A4 moja itoe vipande 8. Kwa watoto 40 na siku nne unahitaji karatasi 20.

Jumatatu: kutengeneza na kutega

Kipindi cha hesabu kinakwenda chote kwenye vipande. Dakika 20 za kupima, kukata na kuandika 1/2, 1/3 na kadhalika juu ya kila kipande. Dakika 10 za kulinganisha. Zilizobaki ni za swali la mwisho. Wape maswali ya mdomo wayajibu kwa kuinua vipande: "Kipi kirefu, 1/3 au 1/4?" Wengi watainua robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Usiwasahihishe kwa maneno. Waambie waviweke kando kwa kando juu ya dawati, kisha waulize kizima kimegawanywa kwa watu wangapi katika kila kipande.

Kila wawili waweke vipande vyao ndani ya bahasha yenye majina. Bila bahasha, Jumanne utapoteza dakika kumi kutafuta theluthi zilizobaki chini ya madawati.

Jaribio litegwe siku hiyohiyo, asubuhi kama ratiba inaruhusu. Weka seti zote sehemu moja, kivulini, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Kabla ya kuviacha vyombo, kila mtoto aandike anachotabiri: chombo kipi kitapoteza maji mengi zaidi, na kwa nini. Utabiri uandikwe kwa kalamu ya wino ili usifutwe Ijumaa. Bandika karatasi yenye maneno "JARIBIO, USIMWAGE", na mweleze anayefanya usafi kwa mdomo. Karatasi peke yake haitoshi.

Katika kila kundi la watano gawa majukumu matano: msoma kipimo, mwandishi, mtunza vifaa, mtunza muda na msemaji. Yazungushwe kila siku. Siku ni tano, kwa hiyo kila mtoto anapita kila mahali. Wasipozungushwa, yule mwenye mwandiko mzuri atakuwa mwandishi wiki nzima na wawili watakaa wakitazama.

Kusoma kwa Jumatatu ni kwa mwalimu. Chagua kifungu cha maneno karibu 300 kuhusu mzunguko wa maji. Kisome kwa sauti mara moja bila kusimama, watoto wakifuatilia kwa macho. Mara ya pili simama kwenye maneno matatu au manne magumu. Hakuna maswali siku hiyo zaidi ya moja: kifungu kinahusu nini?

Jumanne: siku inayobeba wiki

Kwenye hesabu, andika ubaoni 1/2 + 1/3 na usieleze chochote. Waache dakika tatu wajaribu kwenye daftari. Pitia madawati ukihesabu kimya wangapi wameandika 2/5. Watakuwa wengi, na hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu kosa likishaonekana linaweza kushughulikiwa.

Sasa vitoke vipande. Waunganishe nusu na theluthi mwisho kwa mwisho juu ya kizima, kisha wapime: 12 na 8 ni sentimita 20. Waulize wenye 2/5 urefu wa jibu lao ungekuwa sentimita ngapi. Kizima cha 24 ukikigawa kwa tano unapata 4.8, na mara mbili yake ni 9.6. Tuliza darasa hapo. Nusu peke yake ni sentimita 12, tukaiongezea kitu, tukapata 9.6? Mtoto akishaliona hilo kwa rula yake mwenyewe, hana haja ya kuambiwa kwamba amekosea. Hapo pia ndipo jibu la swali la nne la Ijumaa linapozaliwa, kwa hiyo usipite haraka.

Hatua inayofuata ni kutafuta aina moja ya kipande inayoweza kufunika zile sentimita 20 bila kubaki wala kuzidi. Robo hazifai: tatu ni 18, nne ni 24. Za nane hazifai: sita ni 18, saba ni 21. Za sita zinafaa: tano ni 20 kamili. Kwa hiyo jibu ni 5/6. Kundi fulani litagundua kwamba za kumi na mbili nazo zinafaa, kumi kwa hesabu. Likubali jibu la 10/12, uliandike ubaoni pembeni ya 5/6, na uliache mpaka Jumatano.

Wafanye mengine mawili kwa njia hiyohiyo: 1/4 + 3/8, ambayo ni sentimita 15, yaani sehemu tano za nane, na 1/3 + 1/4, ambayo ni sentimita 14, yaani 7/12. Wanaowahi kumaliza wape kitendawili hiki: tafuta sehemu tatu tofauti, kila moja ikiwa na kiasi (namba ya juu) cha 1, zinazotimiza kizima. Jibu ni 1/2, 1/3 na 1/6, na hakuna jingine. Kitawashughulisha muda wa kutosha kuliko kuwapa maswali mengine kumi ya aina ileile.

Swali la mwisho wa kipindi liwe 1/2 + 1/4, bila vipande mkononi. Zigawe karatasi mafungu kulingana na kosa. Aliyeandika 3/4 yuko sawa, na aliyeandika 6/8 pia. Aliyeandika 2/6 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili; huyo arudi kwenye vipande. Aliyeandika 2/4 amepata asili ya pamoja lakini akasahau kubadili kiasi cha nusu. Huyu wa tatu anaonekana amekosea sawa na wa pili, lakini yuko mbali mbele yake, na anahitaji maelezo ya dakika mbili tu. Ndiyo maana kuweka alama ya kosa peke yake hakukusaidii kitu. Kazi hii ya kupanga mafungu kwa karatasi 40 inachukua kama dakika kumi.

Uandishi: waandike aya mbili za kwanza za maelezo ya jaribio, yaani tulichotaka kujua na tulivyofanya. Waruke mstari mmoja kila wanapoandika. Nafasi hiyo tupu ndiyo itakayopokea masahihisho.

Jumatano: kutoka karatasi kwenda njia

Dakika kumi za mwanzo kaa na wale wa fungu la 2/6, kwenye meza moja, na vipande vyao. Wengine wafanye maswali matatu ya kulinganisha sehemu kwenye daftari. Kisha darasa zima: rudi kwenye 5/6 na 10/12 ulizoziacha ubaoni. Kwa nini za sita na za kumi na mbili zilifaa, robo na za nane zikakataa? Andika vigawe vya 2 na vya 3, ziweke duara 6 na 12. Kigawe Kidogo cha Shirika sasa ni jina la kitu walichokwisha kukiona, si sheria iliyoshuka kutoka kwenye kitabu.

Hatua ziandikwe ubaoni na zibaki hapo hadi Alhamisi. Wengi huchanganya KDS na KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika. KDS ni ya asili, na ni ya vigawe. KKS ina kazi yake kwenye kurahisisha sehemu, isiingizwe leo. Hatua zenyewe: tafuta KDS ya asili; badili kila sehemu iwe na asili hiyo, ukizidisha juu na chini kwa namba ileile; jumlisha viasi; asili usiiguse.

Kwenye sayansi, Jumatano ndipo mtego unapofyatuka. Kila asubuhi makundi yamekuwa yakichora mstari kwenye ukuta wa chombo kuonyesha maji yalipofika. Sasa watapima umbali wa mistari kwa rula na watashangaa kuona bakuli na glasi vimeshuka milimita zinazokaribiana. Baadhi watatangaza kwamba upana wa chombo hauna maana. Waulize: milimita moja ya bakuli na milimita moja ya glasi zina maji sawa? Milimita moja katika bakuli la upana wa sentimita 12 ni karibu mililita 11. Katika glasi ya sentimita 6 ni karibu mililita 3. Maji hugeuka mvuke kwenye uso wake, hivyo kila kipande cha uso hupoteza karibu kiasi kilekile. Bakuli lina uso mkubwa mara nne. Glasi yenyewe inaweza kubaki nyuma kidogo hata kwa kimo, kwa sababu hewa yenye unyevu hutuama juu ya maji ndani yake. Mwalimu asiyeujua mtego huu huishia kuwaambia watoto wamepima vibaya, na walikuwa wamepima sawasawa.

Waonyeshe pia matone ndani ya plastiki ya glasi iliyofunikwa. Maji yaligeuka mvuke, yakakosa pa kwenda, yakarudi kuwa maji.

Kusoma: watoto wawili wawili, mmoja asome kwa dakika moja huku mwenzake akifuatilia na kuweka alama chini ya neno lililokosewa, kisha wabadilishane. Hesabu ni ya maneno yaliyosomwa sawa, na kila mtoto ashindane na namba yake mwenyewe. Acha kabisa ule mtindo wa kusoma aya kwa zamu darasa zima. Mmoja anasoma, 39 wanangoja, na anayeogopa anahesabu madawati ili ajue aya yake, hasikilizi nyingine. Kusoma kwa pamoja kwa sauti nako huwaficha wasiojua.

Baada ya hapo maswali ya aina tatu: lenye jibu kwenye sentensi moja, linalodai kuunganisha sehemu mbili za kifungu, na lile ambalo jibu halikuandikwa lakini dalili zake zipo. La tatu likijibiwa, muulize mtoto aonyeshe mstari uliompa dalili. Asipouonyesha, amebahatisha.

Alhamisi: kupumua

Mazoezi mchanganyiko ya hesabu, maswali manane. Wanaojua wakae na wasiojua, kwa sharti moja: anayesaidia haruhusiwi kushika kalamu ya mwenzake.

Uandishi ni wa kusahihisha. Watoto wengi wakiambiwa waboreshe kazi, huinakili upya kwa mwandiko mzuri zaidi, makosa yakiwa palepale. Chagua kosa la aina moja kwa darasa zima, kwa mfano upatanisho: maji *yalipungua*, chupa *ilibaki* na maji mengi, vyombo *viliwekwa* kivulini. Wapige mstari chini ya kila kitenzi na wakiulize ni cha nani, kisha waandike masahihisho kwenye mstari ulioachwa wazi. Wewe nawe usisahihishe kila kitu. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi.

Muda ukibaki, wachore ramani ya darasa kwa kipimio cha 1:50, yaani sentimita moja kwa kila sentimita 50. Chumba cha mita 8 kwa 6 kinakuwa sentimita 16 kwa 12 na kinaingia kwenye A4. Wapime kwa kamba yenye fundo kila mita. Rula ya sentimita 30 ikirudiwa mara ishirini na kitu huleta makosa yanayojumlishana.

Ijumaa: kupima

Mimina maji ya kila chombo kwenye silinda, jicho likiwa usawa wa maji, na usome sehemu ya chini ya mpindo wa uso wa maji. Toa kutoka 200. Kisha hesabu inarudi: kama bakuli limepoteza mililita 50, hiyo ni sehemu gani ya maji yote? Makundi yanayotumia seti moja yalinganishe majibu. Yakitofautiana kwa mililita chache, ni matone yaliyobaki kwenye kuta. Yakitofautiana kwa 30, kuna aliyemwaga na hakusema, na kipimo hicho kiachwe kando, kikiandikwa kwamba kimeachwa na kwa nini.

Maswali ya kupima yafanyike asubuhi, dakika 25, kabla ya jaribio, maana baada ya maji hakuna atakayetulia. Aya za mwisho za maelezo, tulichokiona na sababu yake, ziandikwe mchana, utabiri wa Jumatatu ukiwa wazi mbele ya mtoto.

Panga matokeo mafungu matatu kama ulivyofanya kila siku. Kama walioshindwa swali la nne ni chini ya kumi, waite dakika 15 za kwanza za Jumatatu na bahasha zao za vipande, wengine wakianza kutoa sehemu. Wakiwa zaidi ya ishirini, usiendelee na mada: rudia somo la Jumanne kwa namba nyingine, 1/3 + 1/6 na 1/2 + 3/8, na usogeze kutoa sehemu hadi Jumatano.